Usisikilize Swali, Sikiliza Zamu Yako

Jumatatu, 12 Mei

Mshtuko saa mbili asubuhi, hata chai sijanywa. Mkuu wa shule, Mwalimu Stanislaus, amesimama katikati ya ofisi ya walimu akatangaza kwamba Jumatano ya wiki ijayo wathibiti ubora wanakuja kutoka Ifakara. Hawaji kukagua vyoo. Hawaji kukagua maandalio ya masomo (yangu yako tayari, nimenakili ya mwaka juzi). Wanakuja kuwasikia wanafunzi wakizungumza Kiingereza. Kuzungumza! Kwa midomo yao wenyewe! Na mwalimu ambaye wanafunzi wake watazungumza vizuri kuliko wote atateuliwa mwezeshaji wa wilaya, awe anawafundisha walimu wenzake pale kituo cha walimu.

Nafasi hiyo ni yangu. Miaka kumi na moja nafundisha Kiingereza katika shule hii ya njia ya Mlimba na sijawahi kusikia lalamiko. Sijawahi kusikia chochote. Naandika ubaoni, wananakili, kengele inalia, naondoka. Kazi safi.

Siri moja naiandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Kiingereza nakisoma. Nakiandika. Nakisahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma. Kukizungumza, hapana. Nikikitafuta kinywani sikikuti. Tunaojua hilo ni wawili, mimi na Mungu, na wathibiti wasije wakawa wa tatu.

Mpinzani ni mmoja tu, Madamu Digna wa Kidato cha Kwanza. Ana mwaka wa pili kazini. Bado anacheka na wanafunzi.

Jumanne, 13 Mei

Kelele Kidato cha Kwanza tangu kipindi cha tatu. Kelele za gulio, si za shule. Nikajua tu, wanaporomosha Kindamba na Kipogoro, lugha za nyumbani, mle ndani na Digna amewaachia. Nikazunguka nyuma ya darasa, nikachuchumaa chini ya dirisha na kalamu yangu, tayari kuandika ushahidi.

Nimeduwaa. Ni Kiingereza! Digna amepanga madawati kama meza za sokoni. Nusu ya darasa wauzaji, nusu wanunuzi. Perege wa kweli, bamia za kweli, mchele wa kweli kwenye kopo. Hakuna anayepewa kitu mpaka akiombe kwa Kiingereza, na mwenye bidhaa haiachii mpaka abembelezwe kwa Kiingereza. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba perege wake ananuka. Mwenzake akajibu kwamba kinachonuka ni hiyo pua inayonusa. Makosa tele, vitenzi vinavuja kila upande, lakini walikuwa wanagombana kwelikweli na hakuna aliyetazama ubao. Mimi sijawahi kugombana kwa Kiingereza maishani mwangu.

Mara akapita mkuu. Akauliza nimepoteza nini huko chini. Nikasema kipande cha chaki. Akainama kunisaidia. Tumetafuta robo saa nzima, mkuu wa shule na mimi, kwenye nyasi. Na amekipata! Sijui kilitoka wapi.

Akijipangusa magoti ameniambia kwamba darasa la Digna linafurahisha kusikiliza. Nimekubali kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nawaka.

Jumatano, 14 Mei

Nami nimeingiza mchezo. Kuiga si wizi, ni utafiti.

Digna alikuwa ofisini anawaeleza walimu mchezo mmoja wakati wa chai. Mwanafunzi anataja mambo matatu kuhusu mtu anayemjua. Mawili ya kweli, moja la uongo. Wenzake wanatafuta uongo uko wapi na kusema sababu. Mchezo rahisi, hauhitaji samaki. Kipindi cha tano nikaupeleka kwangu Kidato cha Pili. Nikamsimamisha Fredy, maana mdomo wake hauna breki, nikamwambia achague mwalimu yeyote. Nilitegemea atamchagua Digna.

Fredy akanichagua mimi. La kwanza, Mwalimu Fulgensi ana baiskeli nyekundu. La pili, Mwalimu Fulgensi anazungumza Kiingereza. La tatu, mke wa Mwalimu Fulgensi anaitwa Justa. Uongo ni upi?

Mikono sitini na mmoja ikapanda juu, na wa Fredy mwenyewe. La pili! Darasa zima! Mpaka Sebastiani, ambaye huwa ananisikiliza akiwa amefumba macho, aliamka akanyoosha mkono. Halafu, kwa kuwa mchezo unadai sababu, wakaanza kugombania nani atoe sababu kwanza.

Nikawapa Kiingereza changu kinachofanya kazi siku zote, sidauni, wakakaa, nikaandika ubaoni kurasa mbili za kunakili. Kumbe tunaojua ile siri si wawili. Ni sitini na watatu.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbili nimetembea kama mtu aliyepigwa na umeme. Leo ufumbuzi umekuja, na umetokea jikoni kwangu.

Justa anaimba kwaya ya parokia, sauti ya pili. Alikuwa anasonga ugali huku anafanya mazoezi, anaimba kipande, ananyamaza, anahesabu, anaimba tena. Nikamuuliza kwa nini ananyamaza. Akasema hapo wanaimba wengine, yeye anasubiri mahali pake. Nikamuuliza kama anazijua sauti za wengine. Akasema za nini, yake inamtosha.

Nilisimama nikamkumbatia, mwiko ukiwa mkononi mwake. Akashtuka. Hiyo ndiyo dawa! Kila mwanafunzi sentensi moja. Wanafunzi ishirini, maswali ishirini, majibu ishirini, kwa mpangilio wa viti. Mimi nasoma maswali kwenye kadi (kusoma naweza), wao wanajibu mmoja baada ya mwingine, mgeni anasikia darasa linalotiririka.

Justa, anayeniita kwa jina la mwanetu, akauliza, “Sasa Baba Kelestini, mgeni akiuliza swali lake mwenyewe?” Nikamjibu kwamba wageni wa serikali hawaulizi, wanaandika. Wanawake wanapenda sana kutafuta tundu kwenye gunia jipya.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa nimewakusanya ishirini shuleni. Nimewapa namba na sentensi. Wengine arobaini na mmoja watakaa nyuma na kazi yao ni kutikisa kichwa kwa uelewa.

Sheria zangu ni mbili. Ya kwanza, mstari wa mbele usiwe na pengo, kwa sababu pengo mbele ya mgeni ni aibu. Ya pili nimeiandika ubaoni kwa herufi kubwa: usisikilize swali, sikiliza zamu yako. Anayesikiliza swali anaanza kufikiri, anayefikiri anasahau.

Namba kumi, Mariana, akanyoosha mkono. Msichana mdogo wa mwili, maneno machache. Akataka kujua mtu atajibuje swali ambalo hakulisikia. Nikamwambia maswali ni kazi ya mwalimu. Halafu nikakumbuka nimeshamwona wakati wa mapumziko akijipenyeza kwenye lile soko la Digna, ananunua bamia ambazo hana haja nazo. Nimempiga marufuku. Ataniharibia sauti ya kwaya.

Jumatatu, 19 Mei

Mazoezi. Majibu ishirini kwa dakika nne! Hakuna aliyekwama! Nimeshtuka kwa furaha mpaka nikakaa chini.

Dukani nimeshawadokeza watu kwamba wasishangae wakiniona nakwenda Ifakara mara kwa mara. Muuza duka amenipa heshima papo hapo, ameniita mwezeshaji.

Digna amenifuata ofisini, kwa upole wake ule unaokera, akashauri niwaache wanafunzi wazungumzie mambo wanayoyajua. Kwa mfano ndege wanaoshambulia mpunga siku hizi. Ndege! Mtu atoke Ifakara na gari la serikali aje asikilize habari za ndege! Nimemshukuru. Nimecheka mpaka nyumbani.

Jumanne, 20 Mei

Shati limepigwa pasi. Kadi ya maswali iko mfukoni mwa shati. Nimemwambia Justa aanze kuzoea kuwa mke wa mwezeshaji. Amesema kwanza nimsaidie kuchota maji.

Jumatano, 21 Mei

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri kweleakwelea, wale ndege wala mpunga, waliingia mashambani. Wingu zima. Mama yake Fredy akamwamsha mwanawe akamtuma shambani kuamia, yaani kuwafukuza ndege, kama mama yeyote wa bonde hili angefanya, maana punje za mpunga bado zina maziwa na ndege hawasubiri ratiba ya shule. Fredy alikuwa namba nne.

Mimi sikuona. Nilikuwa mlangoni nampokea mthibiti, Mama Eliza, mwanamke mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini. Shikamoo, marahaba, karibu, asante. Huku nyuma, wanafunzi wangu watiifu wakaona pengo kwenye mstari wa mbele. Wakakumbuka sheria ya kwanza. Wakasogea. Tano akakaa kwenye kiti cha nne, sita kwenye cha tano, hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu wakakumbuka sheria ya pili.

Swali la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, Mama Eliza akatabasamu. Mkuu, aliyekaa pembeni yake, akatabasamu pia. Yanayofuata nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza yanauma zaidi.

Nikasoma la nne. Mgeni akifika nyumbani kwenu, mnamfanyaje? Akasimama tano, kifua mbele, akajibu kwamba wanamtoa magamba, wanampaka chumvi, wanamkaanga kwa mafuta ya moto mpaka awe mwekundu.

Mama Eliza akaacha kuandika.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasoma la tano haraka. Perege mnampikaje? Akasimama sita: anapelekwa kituo cha afya akapimwe malaria. La sita. Mtu akiumwa mnamsaidiaje? Akasimama saba: tunamkata, tunamfunga, tunampigapiga mpaka atoke punje, tunampeleka mashineni. Kule nyuma wale arobaini na mmoja wakatikisa vichwa kwa uelewa.

Ningenyamaza hapo. Binadamu mwenye akili angenyamaza. Lakini kadi ilikuwa mkononi na macho yangu yalikuwa hayaoni kitu kingine. La saba nikasoma, mpunga ukikomaa mnafanyaje, nane akajibu kwamba ana hekima na ni baba yetu sote. Nikasoma la nane. Mkuu wa shule yenu ni mtu wa namna gani? Akasimama tisa, mwenye jibu la swali la mnyama kiboko. Kwa sauti ya kengele: ana meno makubwa, mchana anashinda majini, na giza likiingia anakula mashamba ya watu.

Mwalimu Stanislaus akafunga mdomo wake polepole, meno yakapotea.

Mama Eliza akanyoosha kiganja, nikakoma. Akamwita aliyefuata. Mariana. Akamuuliza kwa Kiingereza, bila kadi, nini kinaendelea humu ndani. Nikajisemea basi, nimekwisha, huyu hana sentensi ya swali hilo.

Mariana akafungua mdomo, na Kiingereza kikatoka, kimepinda, kinachechemea, lakini chake.

“Fredy amekwenda kwa ndege,” alisema. “Fredy ni nne. Sasa tano ni nne, sita ni tano, kila mtu ni mtu mwingine. Mimi ni kumi, lakini leo ni tisa. Mwalimu alisema tusisikilize swali.”

Nilitafuta pa kushika, nikashika ubao, chaki yote ikahamia kwenye shati.

Mama Eliza hakukasirika. Akavua miwani, akasogeza kiti, akauliza ni ndege gani hao. Mariana akamweleza. Ni wangapi? Mmoja wa kule nyuma, hata si katika ishirini, akapaza sauti kwamba ni wengi mpaka jua linapotea. Mwingine akaeleza kombeo na madongo ya udongo. Mwingine akaeleza madebe. Sebastiani, yule anayesinzia, akasimulia jinsi bibi yake anavyowatukana ndege kwa Kindamba kwa sababu Kiswahili hawakiogopi. Nusu saa! Darasa langu! Lile lililonyamaza miaka yote! Nilikuwa sijui kama wana sauti hizo.

Kisha akanigeukia. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa, je, mwalimu, wewe shambani kwako ndege unawafukuzaje?

Nina shamba. Nimeamia ndege tangu nina miaka sita. Hakuna mtu mle ndani aliyejua jibu kuliko mimi. Nikafungua mdomo. Nikasema ndiyo. Akasubiri. Nikasema asante. Akaendelea kusubiri, watoto sitini wakaendelea kusubiri, na kilichotoka kikawa kile kinachotoka siku zote.

“Sidauni,” nikamwambia mthibiti ubora wa wilaya.

Alikuwa ameshakaa.

Alhamisi, 22 Mei

Mwezeshaji ni Digna. Imetangazwa kwenye paredi, wanafunzi wamepiga makofi mpaka njiwa wakaruka paani. Nimepiga na mimi, mawili.

Si hilo lililonishtua. Kidato cha Pili nimenyang'anywa, amepewa Digna. Na mimi, hadi shule zitakapofungwa, nitahudhuria vipindi vyake. Nikauliza kama mwangalizi? Mkuu akasema hapana, Mama Eliza ameandika kama mshiriki. Nikauliza tofauti yake. Akasema mshiriki anakaa kwenye dawati. Kisha akaongeza kwamba si adhabu, ni mafunzo, na alipokuwa anasema hivyo alijizuia kuonyesha meno.

Muuza duka bado ananiita mwezeshaji. Sasa anacheka kwanza.

Jumanne, 27 Mei

Nimekaa dawati la pili, magoti yamegusa kidevu. Wanafunzi hawakujua wanisalimieje. Fredy ametatua, amenipa shikamoo ya adabu kabisa, halafu akanisahihisha kitenzi.

Mchezo wa leo ni maduara mawili. Wa ndani wanatazama nje, wa nje wanatazama ndani, kila mtu na mwenzake. Mnazungumza dakika mbili, Digna anapiga makofi, duara la nje linasogea hatua moja, unapata mtu mpya unamwambia jambo lile lile. Nimeuliza kwa nini kurudia. Digna akasema mara ya kwanza unatafuta maneno, mara ya tatu unasema unachotaka.

Jambo la leo: kitu unachokiogopa. Kwa Fredy nikasema nyoka, nikaishiwa hapo. Kwa Sebastiani nikasema nyoka mkubwa. Hatua moja tena, akasimama mbele yangu Mariana.

Akaniuliza naogopa nini. Nikatafuta nyoka, sikumpata.

“Hiki,” nikasema kwa Kiingereza. “Naogopa hiki tunachozungumza.”

Sijui kilitoka wapi. Kikaja kingine nyuma yake. Nikamwambia kwamba siku yangu ya kwanza kazini mwanafunzi aliniuliza neno, nilikuwa nalijua, likakataa kutoka, darasa likacheka, nami nikamtoa nje yule mwanafunzi na sikumruhusu mtu kuuliza tena. Miaka kumi na moja. Sentensi zangu zilikuwa zimevunjika mikono na miguu lakini zilitembea. Nikasubiri acheke.

“Endelea, Mwalimu,” akasema. “Muda bado upo.”

Nikaendelea. Digna alichelewesha makofi, nina hakika alichelewesha. Macho yaliniwasha na nimewaambia ni vumbi la chaki, ingawa leo hakuna aliyeandika ubaoni.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, baiskeli naikokota. Nilikuwa naongea Kiingereza peke yangu njia nzima. Nimemsalimia ng'ombe mmoja wa Msukuma. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza, na imenitisha kuliko aibu ya Jumatano.

Jumatano, 28 Mei

Nimeamka na akili timamu. Nimejiuliza, hivi nikizungumza vibaya mbele ya watoto mwezi mzima, nitapata nini? Kujua Kiingereza. Na nikikijua? Nitakuwa mmoja wa wengi. Wilaya imejaa wanaokijua, ndiyo maana wananikamata.

Na riziki haina mlango mmoja! Asubuhi ofisini mkuu ametangaza kwamba wilaya inatafuta mwalimu wa kujitolea kuanzisha somo la Kifaransa mwezi wa saba. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Akanitazama muda mrefu sana. Akauliza kama kuna mwingine. Hakuna. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya kuomba. Hakuna. Digna akaniambia kwamba Mariana ameniulizia, duara la leo linanisubiri. Nikamwambia nina maandalio ya somo.

Kutoka hapa mpaka Ifakara hakuna mtu hata mmoja anayekijua Kifaransa. Nani atanikosoa? Mama Eliza aje, akae, asikilize anavyotaka.

Justa ameniuliza Kifaransa nimekijua lini. Nimemwambia tangu saa nne asubuhi. Nimepita maktaba kutafuta kamusi, hakuna hata moja, na mkutubi akaniomba radhi. Nimemwambia asijali kabisa. Kamusi ya nini? Wanafunzi wangeisoma.